Uzi ukikatika ndani ya jicho, nani ataushona tena?

Ndugu mshauri, salaam.

Mimi ni fundi cherehani, umri miaka 64. Baraza langu liko Kariakoo, nyumbani ni Mbagala. Nashona kanzu, suruali na suti za maharusi, ingawa siku hizi kazi kubwa ni kupunguza mitumba ya watu.

Mwaka 2013 nilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Hospitali sitaitaja. Wakaniwekea lenzi ya bandia, nikaona vizuri mpaka nikawa najisifu. Miaka yote hiyo nilihitaji miwani ya kusomea tu nikitunga uzi.

Mwaka huu, siku chache kabla ya Ramadhani, niliinama kuokota bobini iliyoangukia chini ya mashine. Nilipoinuka nikaona mstari mwembamba uliopinda, unang'aa, kama mwezi mwandamo. Nikafikicha jicho, haukutoka. Tangu siku hiyo mambo hayajakaa sawa. Usiku nikirudi na pikipiki yangu kwa barabara ya Kilwa, kila taa ya gari inapasuka vipande. Nikifumba jicho la kushoto nikaangalia sindano kwa la kulia peke yake, naona sindano mbili. Nikifumba la kulia, sindano ni moja. Nikilala chali naona afadhali kidogo, nikiinamia mashine picha inatikisika kama maji kwenye beseni. Kijana wangu wa baraza ndiye ananitungia uzi sasa, na mimi najifanya nimemfundisha makusudi. Juzi nimekata kola ya mteja, upande mmoja ukazidi nusu inchi. Alikuwa muungwana, akacheka. Wa pili hakucheka.

Nilikwenda kliniki. Daktari kijana, mwenye adabu, akaniwekea matone ya kupanua mboni, akaniegemeza kidevu kwenye ile mashine yao ya mwanga. Akasema lenzi imeteremka pamoja na kifuko chake, inaning'inia. Akasema ataitoa aweke nyingine, na kwa kuwa kifuko hakishiki tena, hiyo mpya ataishona kwenye ukuta wa jicho.

Hapo ndipo aliponipoteza. Nimeshona miaka arobaini. Sijawahi kuona uzi usiokatika. Nilitaka kumuuliza, nikaona haya, maana wagonjwa walikuwa wamejaa nje.

Mdogo wangu anasema wale wa 2013 waliniwekea lenzi feki na anataka twende tukadai. Jirani yangu wa baraza ana bibi yake Chanika anayetengeneza matone ya majani na asali. Mke wangu nimemwambia macho yamechoka tu, nimepewa dawa. Akisikia upasuaji hatalala. Pesa kidogo ninayo, ipo kwenye kikoba, lakini niliiweka kwa ajili ya kununua ovaloki. Na jicho la kushoto linaona. Ujanani nilicheza ngumi, najua kuvumilia upande mmoja ukiumia.

Nibaki hivi hivi na jicho moja? Na nikikubali, uzi ukikatika ndani ya jicho, nani ataushona tena?

Fundi wa barazani, Kariakoo

*

Mzee wangu, shikamoo.

Nianze na pikipiki. Iache leo. Barabara ya Kilwa usiku, kwa jicho linalozaa taa mbili kwa kila moja, huwezi kujua ni ipi ya lori na ipi ya kivuli chake. Panda daladala, ubanwe, ufike.

La pili, na hili nalo halingoji. Jicho likianza kuuma, likawa jekundu, kichwa upande huo kikagonga na ukapata kichefuchefu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili, kwa sababu huenda presha ya jicho imepanda. Vivyo hivyo ukiona vimulimuli kama radi, au madoadoa meusi yakimwagika ghafla, au kiza kikishuka upande mmoja kama pazia: hiyo inaweza kuwa retina, ile ngozi ya nyuma inayopokea picha, imeanza kubanduka. Usimsubiri huyo daktari wako wa tarehe fulani. Yeyote wa macho aliye zamu akuone.

Nilifanya kazi ya uuguzi kliniki za macho kwa miaka kabla ya kukaa kwenye safu hii. Si mpasuaji, lakini wazee waliopitia mlango wetu wakilalamika kama wewe nawakumbuka. Na karibu wote walikuja wamechelewa kwa sababu ileile, walidhani miwani imepitwa na wakati.

Hizo sindano mbili zako zina maelezo. Mtu akiona vitu viwili kwa macho yote mawili, akafumba moja kikabaki kimoja, hapo macho hayaelekei pamoja. Wewe umefumba jicho moja na bado zipo mbili. Maana yake mwanga unaingia kwenye jicho hilo kwa njia mbili: sehemu unapita ndani ya lenzi, sehemu unapita pembeni yake, kwa sababu ukingo wa lenzi sasa umesimama katikati ya mboni badala ya kujificha nyuma yake. Mwezi mwandamo wako ndio huo ukingo. Nimesikia watu wakiueleza kama kucha, kama ukingo wa glasi, kama uzi wa buibui. Mwezi mwandamo ni mara ya kwanza, na kwa ukweli umenipendeza.

Lenzi ya bandia si kubwa. Kile kioo chenyewe kwa kawaida kina upana wa milimita 6 hivi, na ukijumlisha vimkono vyake viwili vya kushikilia, inafika milimita 12 au 13 toka ncha hadi ncha. Mwaka 2013 walipotoa mtoto wa jicho hawakuondoa kila kitu. Walikiacha kifuko chembamba kilichokuwa kimeibeba lenzi yako ya kuzaliwa, wakaipachika hii ya bandia ndani yake, kama mto ndani ya foronya. Hicho kifuko nacho hakielei. Kimening'inizwa kwa nyuzi nyingi nyembamba sana, duara zima, toka kwenye ukuta wa ndani wa jicho.

Sasa fikiria chandarua. Kamba ya kona moja ikikatika, chandarua kinalegea upande huo. Kitambaa hakijachanika hata tundu moja, lakini huwezi kulala humo. Ndicho daktari alichokiona: lenzi nzima, ndani ya kifuko chake, imelalia upande kwa sababu nyuzi za mwili wako zimeachia. Ndiyo maana ukilala chali inarudi nyuma kidogo na unaona afadhali, ukiinamia mashine inacheza.

Na kwa nini zimeachia? Nimesoma barua yako mara tatu, na sentensi iliyonisimamisha si ile ya uzi. Ni ya ngumi. Umeiandika kama mzaha mwishoni, na naweka dau kuwa kliniki hukuitaja kabisa. Jicho likipigwa kwa kitu butu linabonyea na kutanuka kwa kufumba na kufumbua, na nyuzi zile hukatika baadhi bila mwenyewe kuhisi. Zilizobaki zinabeba mzigo miaka thelathini, arobaini. Pia jicho lililopigwa huweza kupata mtoto wa jicho mapema kuliko mwenzake, na wewe ulifanyiwa jicho moja tu ukiwa na miaka hamsini na kidogo. Siwezi kuapa kwamba ngumi ndiyo sababu. Zipo nyingine: watu wenye ile hali ya vumbi jeupe kama mba linaloganda juu ya lenzi na kingo za mboni, watu wasioona mbali kabisa tangu utotoni, waliowahi kufanyiwa upasuaji wa retina, na familia zenye udhaifu wa kurithi kwenye nyuzi hizo. Lakini rudi kwa daktari umwambie kuhusu ngumi, kwa sababu ina jambo la pili: mapigo yaleyale huweza kuharibu kona ya jicho ambayo maji ya ndani hupitia kutoka nje, na presha ikaja kupanda kimyakimya miaka mingi baadaye. Presha hiyo inaharibu mshipa wa fahamu wa jicho bila maumivu yoyote. Apime presha macho yote mawili. Ngumi haikuchagua upande.

Kwa hiyo mdogo wako apumzike. Lenzi feki, kama ingekuwapo, isingekaa miaka kumi na zaidi ikakuonyesha tundu la sindano. Lenzi ikiteremka wiki au miezi michache baada ya upasuaji, hapo unaweza kuuliza kilitokea nini siku ile, huenda kifuko kilipasuka au ilikaa vibaya. Ikiteremka baada ya miaka mingi, na imeshuka na kifuko chake, kisa huwa ni nyuzi. Hata mwanzilishi wa jambo hili lilimkuta. Harold Ridley aliweka lenzi ya kwanza ya plastiki London, mwezi Novemba 1949, baada ya kuona vipande vya kioo cha plastiki cha ndege za vita vikikaa ndani ya macho ya marubani bila jicho kuvikataa. Lenzi zake za mwanzo zilikuwa nzito, na baadhi ziliteleza zikaanguka. Lakini nenda kule kwa 2013 kwa sababu nyingine: ukaombe karatasi zako. Walikuwa wakitoa kadi au kibandiko chenye aina ya lenzi na nguvu yake. Ikipatikana, mpasuaji wa sasa atajua anatoa nini. Lenzi laini anaweza kuikata vipande ndani ya jicho akazitoa kwenye kitundu kidogo. Ile ngumu ya plastiki ya zamani haikubali mkasi, lazima itoke nzima, na mlango wa kuitolea ni mpana zaidi, wenye kuhitaji nyuzi za kuufunga. Tafuta kwanza kwenye lile sanduku la vyeti nyumbani. Wake zetu hawatupi karatasi ya hospitali.

Kuhusu bibi wa Chanika sitasema mengi. Nimeona konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ikiwa imegeuka nyeupe kama yai lililochemshwa baada ya dawa za majani. Hakuna tone, liwe la majani au la famasi, linaloweza kufunga tena uzi uliokatika ndani ya jicho. Mshukuru jirani, mnywe kahawa pamoja, jicho usimpe.

Kubaki na jicho moja? Wapo wanaofanya hivyo, na si wajinga. Lenzi ikiwa imesogea kidogo tu, imetulia, presha iko sawa na mtu hasumbuki, madaktari wengi humwangalia kwa miezi bila kumgusa. Ungekuwa mzee wa kuota jua na kucheza bao ningekuwa na maneno mengine. Wewe unasukuma kitambaa chini ya mguu wa mashine, vidole vyako vikiwa sentimita moja kutoka kwenye sindano, na kina cha kitu hupimwa kwa macho mawili. Kola ilizidi nusu inchi. Safari ijayo ni kidole.

Na kuna jambo ambalo sidhani daktari alipata muda wa kukueleza. Lenzi yako bado inaning'inia, inaonekana kwenye mboni. Nyuzi zilizobaki zikimalizika, inaweza kudondoka nyuma kabisa, ndani ya ute unaojaza jicho, ikalala juu ya retina. Ikifika huko kazi yake inakuwa nyingine: inahitaji mpasuaji wa retina, atoe kwanza ule ute kwa vyombo vidogo vya kukata na kunyonya ili usije ukavuta retina, ndipo aifuate lenzi chini ainyanyue. Inafanyika, lakini ni ndefu na ina hatari zaidi. Kwa hiyo hii si dharura ya leo usiku, maadamu huna zile dalili nilizotaja juu, lakini si ya kusubiri mwakani pia. Ni jambo la wiki chache.

Tuje kwenye uzi, kwa sababu swali lako ni zuri kuliko ulivyodhani, na madaktari wenyewe wamelihangaikia kwa miongo.

Kweli unakatika. Uzi uliotumika sana kushona lenzi kwenye ukuta wa jicho ni wa plastiki iitwayo polipropilini, namba 10-0, yaani sifuri kumi. Katika hesabu zao, sifuri zikizidi uzi unazidi kuwa mwembamba, na huo haufiki hata sehemu tatu za mia za milimita. Unywele wako ni kamba ya meli ukiulinganisha nao. Ikaja kuonekana kwamba kwa baadhi ya wagonjwa uzi huo ulichakaa na kukatika miaka kadhaa baadaye, hata kumi, na lenzi ikainama upya. Fundi, unajua uzi hukatikia wapi: pale unaposugua ukingo. Jicho halitulii hata ukilala.

Walifanya nini? Wengine walihamia namba 9-0, mnene kidogo. Wengine wanatumia uzi wa Gore-Tex, na usicheke, ni jamaa wa kile kitambaa cha makoti ya mvua unachokutana nacho kwenye mitumba. Na fundo, ambalo wewe ungelificha ndani ya pindo, nao wanalizika ndani ya ngozi nyeupe ya jicho, maana fundo likichomoza huwa njia ya wadudu kuingia.

Halafu kuna njia isiyo na uzi kabisa, na hii nakuomba uisome taratibu kwa sababu unaifanya kila wiki. Ukikata kamba ya nailoni ya kofia ya koti, unafanya nini kwenye ncha ili isichomoke? Unawasha kiberiti, unaisogeza kwenye moto, inayeyuka na kujikunja kuwa kidonge. Mpasuaji wa Japani, Shin Yamane, alichapisha mwaka 2017 njia ya namna hiyo hiyo. Anapitisha sindano mbili nyembamba kwenye ukuta mweupe wa jicho, moja kila upande, anachomeka vile vimkono viwili vya lenzi ndani ya sindano, anavivuta nje. Kisha anasogeza kifaa chenye joto kwenye ncha, zinavimba kuwa vidonge, anavisukuma virudi kukaa ndani ya ukuta. Lenzi imebaki katikati, imening'inia kwa vimkono vyake yenyewe. Hakuna cha kukatika, ingawa vidonge navyo vina matatizo yake, vikiwa vidogo vinapenya na vikikaa juujuu vinachomoza.

Ipo na lenzi inayobana pete ya rangi ya jicho kama pini ya nguo kwenye kamba, na ipo inayokaa mbele ya pete hiyo kabisa. Hii ya mbele ni rahisi kuweka, lakini kwa jicho lenye konea dhaifu au historia ya presha wengi huisita, na ngumi zako zinanifanya niisite kwa niaba yako. Wakati mwingine hata lenzi ya zamani haitolewi: inafungwa palepale ilipo, na kifuko chake, ikarudishwa katikati. Muulize daktari kwa nini kwako amechagua kubadilisha badala ya kufunga hiyohiyo. Huenda ana sababu nzuri. Anaweza kuisema kwa dakika mbili.

Uzi ukikatika, basi, jibu ni hili: lenzi itainama, utaona mwezi mwandamo mwingine, utarudi, itashikiliwa upya. Hutapofuka siku hiyo. Lakini una miaka 64 na mikono bado inafanya kazi, kwa hiyo una haki ya kusema, "Daktari, sitaki uzi wa miaka mitano. Unatumia upi?" Akikujibu namba 10-0, muulize kwa nini. Muulize pia amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi, na lenzi ikidondoka nyuma katikati ya kazi, mpasuaji wa retina yupo jengo hilo au ataitwa toka wapi. Kutoa mtoto wa jicho ni kazi ya kila siku kwao. Hii siyo. Daktari wa kawaida wa macho mwenye adabu anaweza kukuambia mwenyewe kwamba anakupeleka kwa mwenzake, na hilo halimpunguzii kitu. Kwa Dar, rufaa nyingi za macho huishia Muhimbili au hospitali ya CCBRT kule Msasani. Kama una kadi ya bima, nenda dirishani kabla ya tarehe, uulize kwa jina kabisa: upasuaji unalipiwa, je, lenzi yenyewe? Nimewaona watu wakikwama kwenye hilo la pili wakiwa wameshavaa gauni la kijani.

Siku yenyewe mara nyingi unachomwa sindano ya ganzi pembeni ya jicho, unabaki macho. Inachukua muda mrefu kuliko ule wa 2013, usije ukadhani kuna kilichoharibika. Damu kidogo ndani, presha kupanda kwa siku chache, katikati ya retina kuvimba na kuona ukungu kwa wiki kadhaa, haya hutokea na yana dawa. Retina kubanduka na wadudu kuingia ndani hutokea kwa wachache, na hao ndio sababu ya kukimbia hospitali ukiona maumivu yanazidi badala ya kupungua. Utaweka matone kwa wiki kadhaa. Utahitaji miwani baadaye, hata ya mbali huenda, kwa sababu lenzi iliyoning'inizwa hivi hesabu yake haikai kamili kama ile ya ndani ya kifuko. Na akitokea mtu kukushauri itolewe tu isiwekwe nyingine, uvae miwani: kioo chake ni kile kinene cha chini ya chupa, na picha ya jicho hilo inakuwa kubwa kuliko ya jicho la kushoto kwa karibu robo. Macho mawili hayakubaliani. Utapata kichwa kuuma, na sindano tatu.

Hukuuliza juu ya sala, lakini wazee wote huuliza wakishafika mlangoni wakitoka. Kusujudu kunainamisha kichwa na kupandisha presha, kama kuinamia mashine. Daktari atakupa idadi ya siku. Sali kwenye kiti, na udhu mwombe akueleze namna ya kupangusa uso bila maji kuingia jichoni. Imamu wako hatakuwa na neno.

Mke wako. Umeficha kwa kumhurumia, naelewa, lakini tazama hesabu: nani atakushika mkono ukitoka na jicho limefungwa? Nani ataweka matone asubuhi, mchana, saa kumi, usiku, wakati wewe mwenyewe huioni chupa? Atajua siku hiyo, na atajua kwamba kijana wa baraza alijua kabla yake. Hilo la pili ndilo litakalomnyima usingizi. Mwambie kwa maneno ya chandarua. Amezifunga kamba hizo maisha yake yote, atakuelewa kabla hujamaliza, na pengine ndiye atakayeikuta ile karatasi ya 2013.

Pesa ya kikoba itumie. Ovaloki ya kukodisha kwa siku Kariakoo haikosekani. Kanzu za harusi ulizokwisha pokea vipimo, mpe mwenzako wa baraza akate, wewe usimamie kwa mdomo, na kijana atunge uzi bila visingizio. Kata hakuna tena mpaka umpime mteja ukaona futi moja ni futi moja.

Ukirudi kliniki, mwombe yule daktari akuchoree kwenye karatasi jinsi atakavyoifunga. Ukiona fundo lake halina mantiki, mwambie, umeshona kuliko yeye alivyoishi. Wagonjwa walioko nje watasubiri, kama wewe ulivyosubiri zamu yako.